Louis Braille

Louis Braille (Coupvray, Ufaransa, 4 Januari 1809 – Paris, 6 Januari 1852) alikuwa mwalimu asiyeona aliyebuni maandishi ya nukta nundu. Maandishi hayo hutumika duniani kote, ikiwemo Shule ya Msingi ya Wasioona Buigiri, mkoani Dodoma, Tanzania.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Akiwa na miaka 3, Louis alichezea msharasi katika karakana ya baba yake, ukamchoma jicho. Maambukizi yakaenea hadi jicho la pili, na alipofikia miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Hata hivyo alisoma shule ya kijijini pamoja na watoto wanaoona, akitegemea kusikiliza na kukumbuka. Mwaka 1819 alipelekwa shule ya wasioona ya Paris.

Kubuni nukta nundu

Mwanzilishi wa shule hiyo, Valentin Haüy, alichapisha vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vitabu hivyo vilikuwa vizito, vilisomwa polepole sana, na mwanafunzi hakuweza kuandika mwenyewe kwa njia hiyo. Baadaye Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alileta mwandiko wa nukta 12. Nukta hizo zilikuwa nyingi mno kwa ncha ya kidole.

Braille alizipunguza hadi 6, katika safu 2 za nukta 3. Hutoa alama 63, zinazotosha kwa herufi, tarakimu, vituo na muziki. Alikamilisha kazi hiyo mwaka 1824, akiwa na miaka 15, akaichapisha mwaka 1829.

Ualimu na imani yake kuhusu elimu

Braille alifundisha katika shule hiyohiyo, akawa mwalimu kamili mwaka 1833. Masomo yake yalikuwa pamoja na sarufi, jiografia, hesabu na muziki. Kazi zake zinaonyesha imani moja: mwanafunzi hatoshelezwi kwa kusomewa, bali anapaswa kusoma, kuandika na kusahihisha kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo njia ya kufundishia ichaguliwe kwa kufuata kidole cha mwanafunzi, si jicho la mwalimu. Mwaka 1839 alibuni pia mwandiko wa nukta wenye umbo la herufi za kawaida, ili wanafunzi waweze kuwaandikia barua wazazi wanaoona.

Upinzani

Baadhi ya walimu wanaoona walipinga nukta nundu, wakidai zingewatenga wasioona na jamii. Mkuu wa shule, Armand Dufau, alizipiga marufuku, lakini wanafunzi waliendelea kuzitumia kwa siri. Mwaka 1844 zilionyeshwa hadharani na kukubaliwa tena shuleni. Braille alifariki kwa kifua kikuu, na Ufaransa ilizipitisha rasmi mwaka 1854, miaka 2 baada ya kifo chake.

Nukta nundu Tanzania

Shule ya Buigiri, iliyoko wilaya ya Chamwino, ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, ikiwa ya kwanza kwa wasioona Tanganyika. Anayeandika kwa kibao na kalamu ya chuma hutoboa nukta kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kuzisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa njia hiyo mwanafunzi huweza kuandika daftari lake na kulisoma mwenyewe.