Maisha ya Dakta Hans Berger

Nimekusudia kuwasimulia habari za Dakta Hans Berger, mtu wa kwanza kuuandika umeme wa ubongo wa binadamu kwenye karatasi.

Alizaliwa tarehe 21 Mei, 1873, karibu na mji wa Coburg, Ujerumani. Katika ujana wake, alipokuwa akitumikia jeshi, alianguka kutoka juu ya farasi mbele ya gurudumu la mzinga, ikabaki kidogo tu asagwe. Jioni ile ile ikaja simu ya maandishi kutoka kwa baba yake kuuliza hali yake, maana dada yake alihisi moyoni kwamba ndugu yake yumo hatarini. Mimi naona ilikuwa bahati tu. Lakini Berger aliamini kwamba mawazo yake yalisafiri, basi akaenda kusoma udaktari huko Jena ili aichunguze nguvu hiyo.

Mawazo yasafiriyo hakuyapata, bali mwaka 1924 alifaulu kuunasa umeme hafifu sana kutoka kichwani mwa mtu. Hata mwanawe Klaus alimpima. Mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi hupanda na kushuka kama mara 10 kwa sekunde, akifumbua, hupungua. Alipotangaza mwaka 1929 wengi hawakumsadiki, mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge walipohakikisha mwaka 1934.

Jambo moja siwezi kulificha: wakati wa Hitler alishiriki katika mahakama iliyoamua watu gani wafungwe uzazi kwa nguvu. Alijiua tarehe 1 Juni, 1941.

Siku hizi kipimo chake, kikiunganishwa na kompyuta, kimewawezesha watu waliopooza kuchagua herufi kwa mawazo tu. Tena mwaka 2019 madaktari wa New York walieleza kwamba waliwapima wagonjwa mahututi 104 wasioitika neno, wakiwaambia wakunje na kukunjua mkono. Mikono haikusogea, lakini bongo za 16 kati yao ziliitika.

Niliposoma hayo nilimkumbuka babu mzaa mama. Baada ya kiharusi alilala hospitali siku 19, asiseme wala kusogea, wala hakupimwa hivyo. Sisi tulisimama kando ya kitanda tukibishana juu ya gharama za mazishi, na mimi nilikuwamo. Mama peke yake alimwamkia shikamoo kila asubuhi, kisha akangoja kidogo kabla ya kuketi.