Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (Mzenga, Kisarawe, 27 Juni 1944 – Mombasa, Kenya, 13 Januari 1979) alikuwa mwanamuziki wa Tanzania, mpigaji wa gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo. Anahesabiwa kati ya watu waliouathiri zaidi muziki wa dansi wa Afrika ya Mashariki. Alipata umaarufu akiwa na bendi ya Morogoro Jazz kuanzia mwaka 1965, kisha akaanzisha bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano, mwaka 1973. Alifariki kwa ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 34.

Muziki wa dansi kabla yake

Muziki wa dansi ulianza katika miji ya Tanganyika wakati wa ukoloni. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na baadaye kila mji mkubwa ukawa na bendi yake. Neno "jazz" katika majina hayo halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi wa jina hilo. Lilimaanisha tu bendi ya kisasa inayopigia watu dansi. Mji wa Tabora ulikuwa na Tabora Jazz, Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Musoma katika Mkoa wa Mara ilikuwa na Mara Jazz. Nyingi kati ya bendi hizo zilikuwa vyama: wanachama walichanga fedha, ala zilikuwa mali ya chama, na mpigaji aliyeondoka aliziacha ala nyuma yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, santuri za rumba na son kutoka Kuba zilienea sana, zikifuatwa na muziki wa Kongo. Jambo lililobadilisha kila kitu lilikuwa umeme. Gitaa lililounganishwa na amplifaya liliweza kusikika juu ya ngoma, tumba na ala za kupuliza katika ukumbi uliojaa watu. Mpigaji wa solo, ambaye zamani alikuwa mmoja tu kati ya wengi, akawa kiongozi wa sauti ya bendi nzima.

Mji wa Morogoro, uliopo kwenye reli ya kati chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Nyingine ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mwimbaji aliyependwa sana nchini. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na bendi yake ikaendelea chini ya Juma Kilaza.

Morogoro Jazz

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz mwaka huohuo wa 1965, baada ya kuacha shule akiwa kijana wa miaka ishirini na moja. Katika muda mfupi akawa mpigaji mkuu wa gitaa la solo, kisha mwimbaji na mtunzi mkuu. Kwa hiyo katika mji uliokuwa umempoteza mwimbaji wake maarufu, sauti mpya ilijitokeza upande wa pili wa ushindani.

Wakati huo redio ilikuwa njia kuu ya kueneza muziki. Mwaka 1965 shirika la utangazaji la Tanganyika liligeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), chini ya serikali. RTD ilirekodi bendi za nchi nzima katika studio yake na kuzitangaza kila siku. Wimbo uliorekodiwa Dar es Salaam uliweza kusikika jioni ileile Songea, Kigoma, au katika vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria karibu na Musoma, mahali ambapo bendi yenyewe haikuwahi kufika. Hata hivyo malipo ya wanamuziki kwa kazi hiyo yalikuwa madogo, na kanda zilibaki redioni.

Upande wa santuri, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Bendi zilizotaka kutoa santuri zilitegemea kampuni za Nairobi. Santuri moja ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, na kwa sababu hiyo wimbo mrefu wa dansi uligawanywa: upande wa kwanza ulikuwa na maneno ya hadithi, upande wa pili ulikuwa na sehemu ya kuchangamka ambapo magitaa yalishika uongozi. Mbaraka aliutumia mgawanyo huo vizuri. Upande wa pili wa santuri zake ndio uliowafanya vijana wengi wajifunze kupiga gitaa.

Osaka 1970

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri hadi Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Osaka, yaliyofanyika kuanzia tarehe 15 Machi hadi 13 Septemba. Yalikuwa maonyesho ya dunia ya kwanza kufanyika barani Asia, yakihudhuriwa na nchi 77 na wageni zaidi ya milioni 64. Kwa bendi ya mji wa mkoani ilikuwa heshima kubwa. Mbaraka aliikumbuka safari hiyo katika wimbo unaoitwa Expo 70.

Maonyesho hayohayo yana nafasi katika historia ya muziki wa kielektroniki. Katika banda la Ujerumani Magharibi mtunzi Karlheinz Stockhausen alionyesha kazi zake ndani ya ukumbi wenye umbo la mpira, ambamo vipaza sauti vilimzunguka msikilizaji pande zote, juu na chini. Katika banda la viwanda vya chuma vya Japani kulisikika kazi ya Iannis Xenakis. Hivyo mahali pamoja palikutana njia mbili za kutumia umeme katika muziki: ile ya maabara, iliyosikilizwa kwa kukaa kimya, na ile ya bendi za Afrika, ambayo kazi yake ilikuwa kuwainua watu vitini wacheze.

Nyimbo na jamii

Kipindi cha Mbaraka kilikuwa kipindi cha Azimio la Arusha la mwaka 1967 na siasa ya Ujamaa. Bendi zote zilitarajiwa kuimba kuhusu taifa, kazi na viongozi, na Morogoro Jazz ilifanya hivyo. Wimbo unaojulikana zaidi wa aina hiyo ni Dk. Kleruu. Wilbert Kleruu alikuwa mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyesimamia kwa nguvu mashamba ya ujamaa. Tarehe 25 Desemba 1971 aliuawa kwa kupigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi huko Isimani, kufuatia mgogoro juu ya shamba. Mwamwindi alihukumiwa na kunyongwa. Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo wenye mwendo wa polepole, ambao ulipigwa sana redioni. Leo wasikilizaji wengi wanalikumbuka tukio lenyewe kupitia wimbo huo.

Hata hivyo nyimbo zake nyingi zilihusu maisha ya kawaida. Masimango inahusu uchungu wa mtu anayekumbushwa kila mara wema aliotendewa. Nisalimie Wazazi ni ujumbe wa mtu aliye mbali na nyumbani. Jogoo la Shamba ilichukua jina lake kutoka methali inayowadharau watu wa kijijini wanaokuja mjini. Miji ilikuwa ikijaa vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi, na mambo hayo yaliwagusa moja kwa moja. Lugha yake ilikuwa Kiswahili chepesi, kinachoeleweka Tanzania, Kenya na sehemu za Uganda na Kongo.

Super Volcano

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuanzisha Orchestra Super Volcano. Uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko kuhama kwa kawaida. Katika mfumo wa vyama, jina, ala na mapato yalikuwa ya bendi, hata kama wasikilizaji walikuja kumsikiliza mtu mmoja. Kwa kuanzisha bendi yake, Mbaraka alikuwa kati ya wapigaji wa kizazi chake waliojitegemea na kuifanya sifa ya jina lao iwe mtaji wa kazi. Morogoro Jazz haikurudia tena umaarufu iliokuwa nao pamoja naye.

Ili kujitofautisha, kila bendi ya wakati huo ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na wapenzi waliitambua bendi kwa mtindo huo. Super Volcano ilisafiri sana, ikipiga katika kumbi za mikoani na nchini Kenya, ambako santuri zake ziliuzwa vizuri. Wimbo Shida, unaohusu taabu za maisha, ni miongoni mwa kazi zake za mwisho na huenda ndio unaojulikana zaidi katika nchi zote mbili.

Miaka hiyo ya mwisho ilikuwa migumu kwa biashara ya muziki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mwanamuziki wa Morogoro aliyehitaji kiwanda cha santuri cha Nairobi sasa alikuwa ametengwa nacho. Mwishoni mwa 1978 vilianza pia Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda.

Kifo

Januari 1979 Mbaraka alikuwa Mombasa kwa shughuli za muziki. Alipata ajali ya gari mjini humo na kufariki tarehe 13 Januari. Kwa mara ya pili katika miaka kumi na minne, Morogoro ikawa imempoteza kiongozi wa bendi barabarani. Super Volcano haikuweza kuendelea kwa muda mrefu bila yeye.

Urithi

Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Baadaye kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa CD ya Masimango yenye nyimbo za wakati wa Morogoro Jazz. Kanda za RTD nazo zimeendelea kutangazwa katika vipindi vya nyimbo za zamani, ambazo leo huitwa zilipendwa.

Suala la nani anafaidika na nyimbo hizo lilibaki wazi kwa muda mrefu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoanzisha chama cha hakimiliki COSOTA, ilikuja miaka ishirini baada ya kifo chake.

Tangu miaka ya 1990 nafasi ya magitaa katika muziki wa vijana wa Tanzania imechukuliwa kwa sehemu kubwa na kompyuta. Muziki wa Bongo Fleva hutengenezwa zaidi studioni, na singeli ya Dar es Salaam, yenye mwendo wa kasi sana, hutengenezwa kwa programu na vionjo vilivyokatwa kutoka muziki mwingine. Hata hivyo mpango wa wimbo unafanana na ule wa santuri za Mbaraka: maneno ya maisha ya kila siku kwa lugha ya watu, kisha sehemu ndefu ya kuchangamka iliyokusudiwa wachezaji. Bendi zinazopiga dansi katika kumbi za Tanzania bado huzipiga nyimbo zake, na Shida huimbwa na watu waliozaliwa miaka mingi baada ya mtunzi wake kufariki.