Marehemu Bob Hayes: Mdakaji Aliyeitwa wa 88

Tarehe 2 Disemba, 1963, mjini Chicago, wakuu wa klabu za mpira wa Kimarekani walikaa kitako kugawana vijana wa vyuo vikuu. Walizunguka duru 20, klabu moja baada ya nyingine, hata yakatimia majina 280. Jina la Robert Lee Hayes, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Florida A&M, halikusikika duru ya kwanza, wala ya pili, wala ya tano. Lilitajwa katika duru ya saba, likawa jina la 88. Klabu iliyolitaja ni Dallas Cowboys.

Ndugu msomaji, huyo aliyeitwa wa 88 ndiye aliyekuwa, siku ile ile, mtu mwenye mbio kupita wote waliopata kupimwa kwa saa. Mwezi Juni wa mwaka huo huo, huko St. Louis, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.1, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Ilikuwaje basi watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kutazama, wakamtazama wakampita, majina 87? Swali hilo ndilo linalonifanya nimwandike leo marehemu huyu, kwani tangu ujana wake hata baada ya kufa kwake alikuwa mtu wa kupangwa foleni na wenziwe.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, huu si mpira wetu wa miguu. Mpira wao umechongoka ncha mbili mfano wa ule wa raga, na aghalabu huchezwa kwa mikono. Yuko mrushaji, anayesimama nyuma ya ukuta wa watu wenye maungo kama ya makuli wa bandarini. Na wako wadakaji wanaosimama pembeni kabisa, karibu na chaki, ambao kazi yao ni kuchomoka mbio, kumpoteza mlinzi na kuudaka mpira ukiwa hewani. Wachezaji hupatikana vyuoni. Kila mwaka, tangu 1936, klabu huketi zikataja majina kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo hupewa zamu ya kwanza. Kijana hachagui klabu. Klabu ndiyo imchaguayo. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo huwa pana kazi kubwa ya kupima na kupanga: nani mdakaji wa kwanza, nani wa pili, nani wa kuachwa.

Hayes alizaliwa Jacksonville, katika jimbo la Florida, tarehe 20 Disemba, 1942. Zama hizo mtu mweusi wa kusini mwa Marekani alikuwa na shule yake mbali, kiti chake mbali ndani ya basi, na chuo chake mbali. Alisoma shule ya Matthew Gilbert, kisha akaenda Tallahassee katika chuo hicho cha Florida A&M, kilichokuwa cha watu weusi, chini ya kocha Jake Gaither, mwalimu ambaye katika umri wake wa kazi alishinda mechi zaidi ya 200. Ulimwengu ulimjua Hayes kwa riadha, lakini mwenyewe alijihesabu mchezaji mpira kwanza. Mbio zake wala hazikuwa za kupendeza macho. Vidole vya miguu vilielekea ndani, mabega yakiyumba huku na huku, kama mtu anayepasua umati wa sokoni akikimbilia gari lililokwisha kuondoka. Uzuri wake ulikuwa katika kufika.

Sababu za kuwekwa wa 88 ninaziona tatu. Ya kwanza ni ya haki kabisa: Hayes alikuwa bado ana mwaka mmoja wa chuo, na mbele yake pana Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kwa hiyo aliyemtaka ilimpasa amtaje leo amngoje hata mwaka upite. Ya pili ni woga uliozaliwa na mfano wa karibu. Frank Budd, aliyekimbia yadi 100 kwa sekunde 9.2 mwaka 1961, alikuwa amechukuliwa na klabu ya Philadelphia mwaka uliofuata, na mpirani hakuvuma. Watu wakapiga muhuri kuwa mkimbiaji ni mkimbiaji tu. Walisahau kwamba Budd hakuwa mchezaji mpira chuoni, na Hayes alikuwa. Ya tatu haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote: vyuo vya watu weusi vya kusini vilipata macho machache ya wasaka vipaji, na aliyeonekana huko aliaminiwa nusu.

Hata hivyo sitaki kuwaonea wapimaji wale. Waliyemtaja wa kwanza kabisa siku ile alikuwa Dave Parks wa Texas Tech, naye ni mdakaji, na mwaka 1965 aliongoza ligi nzima kwa idadi ya mipira aliyoidaka, 80. Wa 11 alikuwa Paul Warfield wa Ohio State, ambaye Cleveland ilimfanya mdakaji, mtu wa miguu myepesi na mikono ya hariri. Macho walikuwa nayo. Kilichowapungukia ni kipimo cha kitu ambacho hakijapata kuonekana.

Dallas ilikuwa klabu changa, ya 1960, na labda kwa uchanga wake haikuona haya kujaribu mambo mapya. Meneja wake, Tex Schramm, na msaka vipaji wake mkuu, Gil Brandt, walimwendea mtaalamu wa takwimu mzaliwa wa Bara Hindi, Salam Qureishi, ambaye hakuwa na habari na mchezo huo, awatengenezee hesabu ya kompyuta ya kupanga wachezaji. Yeye akaanza kwa kuwauliza wanamaanisha nini wanaposema kijana ni mzuri. Wakamletea sifa mamia. Akazichekecha mpaka zikabaki tano: tabia, wepesi wa mwili, moyo wa kushindana, uchangamfu wa akili, na nguvu za kuchomoka. Sisemi kwamba mashine ndiyo iliyomtaja Hayes, maana mbio za 9.1 hata kipofu angezisikia. Nasema tu kwamba ilihitaji mgeni wa mchezo kuwauliza wenyeji wanapima nini.

Mimi ni mtu wa pwani, ila maisha yamenileta kukaa hapa Kisian, pale njia ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Kila mwezi wa Aprili vijana wa hapa hufuata uteuzi huo wa Marekani kwa simu zao, kisha hunijia na orodha za wadakaji walizozipanga wenyewe. Huniita jaduong', neno ambalo Mjaluo humpa mzee wake, wakidhani mzee lazima ajue kila jambo. Wananieleza kuwa siku hizi vijana wa vyuo hukusanywa Indianapolis, wakapimwa urefu, upana wa kiganja, mruko, na mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu. Mwaka 2024 Xavier Worthy alizikimbia kwa sekunde 4.21, hapana aliyepata kumfikia hapo, na Kansas City ikamchukua wa 28. John Ross aliyekimbia kwa 4.22 mwaka 2017 alichukuliwa wa 9, na matunda yake hayakulingana na mbio zake. Naye Jerry Rice, ambaye mwaka 1985 walimwona mzito wa miguu, wadakaji wawili walitangulizwa mbele yake, akachukuliwa wa 16. Kisha akadaka mipira mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi hiyo.

Wala Afrika Mashariki haiko mbali sana na meza ile. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa marehemu Benedicto Kiwanuka wa Uganda, alitajwa wa 32 mwaka 2006 na New York Giants, ingawa yeye alikuwa mlinzi.

Jirani yangu mmoja hapa Kisian, mwalimu, huchagua timu ya mpira ya shule yake bila saa wala kompyuta. Huingojea mvua inyeshe, kiwanja kigeuke lile tope jeusi linalonata, ndipo awatoe watoto nje atazame nani anautuliza mpira na nani anaanza kuulaumu uwanja. Chuoni kwetu, nilipokuwa mdogo, maalimu alitupanga kwa wepesi wa kuhifadhi, aliyetangulia kumaliza juzuu akaa mbele. Hakutupima sauti, wala nani atakayeendelea kusoma akiisha kuoa. Kila mpimaji hupima kile anachoweza kukishika.

Turudi kwa Hayes. Oktoba 1964 alikuwa Tokyo. Ndiyo michezo ambayo mwana wa Mombasa, Seraphino Antao, aliibeba bendera ya Kenya huru, na Wilson Kiprugut akaipatia nchi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800. Katika mita 100, Hayes alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo ardhi yake ilikuwa imechimbuliwa na miguu ya washindani wa kutembea. Na kiatu kimoja alikuwa amekisahau, ikabidi aazime. Alishinda kwa sekunde 10.0, akiwaacha wenziwe kwa kama mita mbili. Katika mbio za kupokezana kijiti alipokea timu yake ikiwa nyuma, akawapita wote, Marekani ikaweka rekodi ya dunia ya sekunde 39.0.

Dallas ilikuwa imengoja. Msimu wake wa kwanza, 1965, alidaka mipira 46, akasonga yadi 1,003, na mara 12 akaufikisha mpira mwisho wa uwanja. Walinzi walikuwa wamezoea kupewa kila mmoja mtu wake wa kumfuata. Kwa Hayes utaratibu huo ulivunjika, kwani mlinzi aliyemkaribia aliachwa na aliyekaa mbali alimpa nafasi. Timu zikazidi kutumia ulinzi wa kugawana maeneo badala ya kugawana watu. Ulinzi huo ulikuwapo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeufanya uwe wa lazima.

Kasoro alikuwa nazo. Tarehe 31 Disemba, 1967, katika fainali ya ligi iliyochezwa Green Bay kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sufuri, Hayes alikuwa akiitia mikono yake ndani ya suruali kila alipojua kuwa mpira hauji kwake. Wapinzani wakaisoma hiyo mikono kama kitabu. Dallas ikashindwa 21 kwa 17. Miaka minne baadaye, Januari 1972, Dallas iliipiga Miami 24 kwa 3 na kutwaa ubingwa, Hayes akawa mtu pekee, mpaka leo, mwenye dhahabu ya Olimpiki na pete ya ubingwa wa mpira ule. Alimaliza kazi 1975 akiwa San Francisco. Hesabu yake ilikuwa mipira 371, yadi 7,414, mabao 71.

Baada ya hapo njia ikawa nyembamba. Mwaka 1979 alikiri mashtaka ya dawa za kulevya, akakaa gerezani kama miezi kumi, na ulevi ulimwandama miaka mingi. Wanaochagua mashujaa wa kuwekwa katika jumba la kumbukumbu la mpira huko Canton, Ohio, walimpita mwaka baada ya mwaka. Alikufa Jacksonville tarehe 18 Septemba, 2002, kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka 59. Mwaka 2004 jina lake lilifika kwenye kura ya mwisho, likakataliwa.

Walimkubali tarehe 31 Januari, 2009. Siku hiyo mwanamke aliyejitambulisha kuwa ni dada yake alisoma barua ya shukrani, akisema Hayes aliiandika mwaka 1999 ili isomwe ikiwa atachaguliwa. Baadaye watu wakagundua kuwa barua ilipigwa chapa kwa aina ya herufi ambayo mwaka 1999 ilikuwa haijatolewa kwa umma, na jamaa wengine wa marehemu wakamkana mwanamke huyo. Kura zilikuwa zimekwisha kupigwa kabla barua haijasomwa, kwa hiyo haikumwongezea Hayes wala kumpunguzia. Sanamu yake ya shaba iliwekwa ndani ya jumba hilo tarehe 8 Agosti, 2009. Paul Warfield, aliyeitwa wa 11, alikuwamo tangu 1983. Dave Parks, aliyeitwa wa kwanza, hayumo.