Kaburi la Ng'ambo ya Mombasa



Mwezi uliopita dada mmoja wa hapa kanisani alinishika mkono baada ya kumzika mtoto wake, akaniuliza Mungu anamdai nini. Zaka ametoa. Kufunga amefunga. Mimi nilisomea biashara, nimezoea hesabu kufunga, lakini siku hiyo nilikosa la kusema. Usiku nikamkumbuka Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alihubiri Uhabeshi mpaka akafungiwa njia, na huko nyikani yeye na mkewe Rosine walimzika binti aliyeishi saa chache tu. Mwaka 1844 wakaja Mombasa. Julai mwaka huohuo Rosine akajifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa. Siku chache baadaye kichanga naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Wengi wetu hapo tungetafuta meli ya kurudi nyumbani. Yeye aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi imeanza upande huu wa Afrika. Kisha akarudi kwenye kitabu cha Mwanzo, alichokuwa ameanza kukitafsiri kwa Kiswahili. Mwaka 1846 Johannes Rebmann akamfikia, wakafungua misheni Rabai. Alipoondoka 1853 afya yake ilikuwa imeharibika, na walioamini walihesabika kwa vidole. Alifariki 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ikachapwa mwaka uliofuata, hakuiona.

Sasa hapa ndipo sisi wahubiri tunakosea. Tunapenda kusema, si mnaona leo Kenya ina makanisa kila kona? Basi kifo cha Rosine kilikuwa na faida. Wapendwa, hiyo ni hesabu ya duka. Makanisa yote ya Kenya hayalipi mtoto mmoja. Krapf hakuonyeshwa faida yoyote siku ile. Alibaki na Mungu akiwa mikono mitupu.

Na Mungu mwenyewe si mdai aliyesimama mlangoni na daftari. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro, na alijua kabisa kwamba dakika chache baadaye atamfufua. Kama machozi yetu yangekuwa malipo ya deni, yeye angelia ya nini? Alilia kwa sababu alitupenda. Na msalabani alisimama upande wetu, upande wa hasara.

Nilirudi kwa yule dada. Nikamwambia hadaiwi chochote. Maelezo mengine sikuwa nayo, kwa hiyo niliketi tu, tukalia pamoja. Ameniruhusu niandike haya.

Wiki hii soma Yohana 11. Halafu mtembelee aliyefiwa. Usimpelekee maelezo, mpelekee unga na sukari, ukae naye.