Mfahamu Dkt. Little, mtoto aliyechekwa kwa mguu wake akaja kuueleza mtindio wa ubongo

Katika vijiji vya Karatu, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, mtoto anapofika miaka miwili shingo haijakaza, mikono imejikunja na miguu inapishana kama mkasi, maneno huanza mtaani kabla ya hospitali. Wapo watakaosema amerogwa. Wapo watakaosema laana ya ukoo. Wengine humgeukia mama: alikula nini, alivunja mwiko gani?

Hospitalini hali hiyo inaitwa mtindio wa ubongo. Aliyeieleza kitabibu kwa kina kabla ya wengine alikuwa Mwingereza ambaye mwenyewe alikua akichechemea.

William John Little alizaliwa Agosti 7, 1810, jijini London, kwa wazazi waliokuwa na nyumba ya wageni eneo la Aldgate. Akiwa bado mdogo sana aliugua polio. Akapona, ila mguu wa kushoto ukapinda, kisigino kikanyanyuka. Shuleni wenzake walimcheka kwa mwendo wake.

Akaamua kusomea udaktari, na sababu mojawapo ilikuwa huo mguu. Alitaka kujua kama unatibika. Mabingwa wa London walimkatisha tamaa. Kukata mshipa mnene wa nyuma ya kisigino kulionekana ni kucheza na kifo, maana enzi zile kidonda cha upasuaji kilioza kirahisi na hakuna aliyejua habari za vijidudu.

Little hakukubali. Akasikia kwamba Hanover, Ujerumani, kuna daktari anaitwa Louis Stromeyer ambaye hakati ngozi kwa upana. Anatoboa tundu dogo tu, anapitisha kisu chembamba, anaukata mshipa ndani kwa ndani. Mwaka 1836 Little akajilaza mezani kwake. Kumbuka dawa ya usingizi ilikuja kutumika hadharani mwaka 1846, miaka kumi baadaye! Alikatwa akiwa macho.

Mguu ukanyooka. Aliporudi Berlin akitembea vizuri, hata madaktari waliokuwa wanabisha wakaanza kuuliza ilifanyikaje. Mwaka 1837 akaandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu miguu iliyopinda, kisha akarudi kwao kuwafanyia wengine. Hospitali ya mifupa aliyoianzisha London ilikuja kupewa hadhi ya kifalme.

Wazazi wakamiminika na watoto wao. Ndipo Little akagundua kitu. Si wote walikuwa na miguu iliyolegea kama ya polio. Wengine miguu ilikuwa imekakamaa, magoti yanagongana, ukijaribu kuyatenganisha yanakaza zaidi. Mguu wenyewe haukuwa na shida, tatizo lilikuwa juu zaidi, kwenye ubongo unaouamrisha.

Akaanza kuuliza swali ambalo wengi hawakuona maana yake: huyu mtoto alizaliwaje? Majibu yakafanana mno. Uchungu ulichukua muda mrefu. Alizaliwa kabla ya siku zake. Alitoka kimya, hakulia, ikabidi apepewe na kusuguliwa ndipo akavuta pumzi.

Mwaka 1843 alishaanza kuifundisha hali hii. Oktoba 1861 akasimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi London na kuwaambia kuwa ameona karibu watoto 200 wa aina hiyo ndani ya miaka kama 20. Si habari tamu kwa wazalishaji kusikia kwamba dakika chache za kukosa hewa zinaweza kumfuata mtu maisha yake yote. Hotuba ilichapishwa mwaka 1862, na kwa miaka mingi hali hiyo ikaitwa ugonjwa wa Little.

Jambo lingine aliloliona halisemwi sana, na pengine ndilo kubwa kuliko yote: viungo na akili ni vitu viwili. Wapo watoto walioathirika akili pia, lakini wapo walioshindwa kutembea wala kutamka vizuri huku wanaelewa kila kitu kinachosemwa pale sebuleni. Hata yale maneno ya majirani wanayasikia.

Aliyoyasema London yanagusa moja kwa moja wodi za uzazi huku kwetu. Manesi wana msemo wao: mtoto amezaliwa amechoka. Ndiye yule yule wa Little, aliyetoka bila kulia. Mama anayeshikwa na uchungu usiku huko bonde la Eyasi, barabara ikiwa tope, anapambana na saa. Katika Hospitali ya Haydom, upande wa Mbulu, wakunga wamefundishwa kwa miaka mingi kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, kwa kumkausha, kumsisimua, na akigoma, kumpa hewa kwa kimfuko na barakoa. Mafunzo hayo yalipofanyiwa utafiti kwenye hospitali nane za Tanzania, matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47.

Ila Little hakuwa sahihi kwa kila kitu. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ndiyo, huyo huyo wa mambo ya saikolojia, alieleza kuwa kuna watoto ambao ubongo uliathirika tangu tumboni, na uzazi mgumu ukawa dalili tu. Leo inajulikana wote wawili walikuwa na hoja. Tena kuna njia nyingine: manjano kali ya mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Kwa hiyo hata mtoto aliyezaliwa salama na kulia vizuri anaweza kuipata.

Tiba ya kuufuta mtindio wa ubongo hakuna mpaka sasa. Yapo mazoezi ya viungo, dawa za kifafa kwa wanaokipata, viti maalumu, na ule upasuaji wa kulegeza mishipa iliyokaza bado unafanyika. Mazoezi yakianza mapema, kabla viungo havijakauka, husaidia zaidi.

Little aliacha kazi mwaka 1884 baada ya masikio kumchoka, hakuweza tena kusikia vizuri wagonjwa wake wakijieleza. Akahamia West Malling, Kent, alikofariki Julai 7, 1894, akiwa na miaka 83. Wanawe wawili walikuwa madaktari wa upasuaji. Mmoja alikuwa amempa jina la mtu aliyemnyoosha mguu: Louis Stromeyer Little.