Frederick McKay

Frederick Sumter McKay (1874 – 1959) alikuwa daktari wa meno kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wa miaka 30 ulioonyesha kwamba madoa ya kahawia kwenye meno husababishwa na kitu kilichomo katika maji ya kunywa. Baadaye kitu hicho kilitambuliwa kuwa floraidi.

Maisha

McKay alizaliwa katika jimbo la Massachusetts. Alihitimu udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1900. Mwaka 1901 alihamia Colorado Springs, mji uliopo chini ya mlima Pikes Peak. Huko aliwakuta wenyeji wengi wenye meno ya kahawia. Sababu haikujulikana, wengine walidhani ni nyama ya nguruwe au maziwa mabaya.

Utafiti

Kuanzia mwaka 1909 McKay alishirikiana na G. V. Black, mtaalamu mashuhuri wa meno. Waligundua kwamba madoa huwapata watoto ambao meno yao bado yanajengeka, si watu wazima wanaohamia. Pia meno hayo hayakuoza kwa urahisi. Black alifariki mwaka 1915, lakini McKay aliendelea.

Mwaka 1923 aliitwa Oakley, katika jimbo la Idaho. Wazazi walisema kwamba madoa yalianza baada ya mji kuvuta maji ya bomba kutoka chemchemi ya maji moto. McKay aliyapima maji hayo bila kuona kasoro, lakini aliwashauri watumie chemchemi nyingine. Miaka michache baadaye watoto wadogo waliota meno yasiyo na madoa.

Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alikuta floraidi nyingi katika maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa hayohayo. McKay alimpelekea sampuli za maji kutoka miji mingine yenye tatizo hilo, nazo zikaonyesha floraidi nyingi.

Floraidi katika maji

Floraidi hutoka katika madini ya miamba, hasa matale na miamba ya volkeno. Maji yanayokaa ardhini muda mrefu huyeyusha zaidi. Yakiwa na kalsi kidogo, floraidi hubaki ndani yake badala ya kuganda kama madini. Katika maeneo makavu mvua ni chache na mvukizo ni mkubwa, hivyo chumvi huzidi kukolea.

Umuhimu

Ugunduzi huo ulifungua njia ya kuongeza floraidi kidogo katika maji ili kuzuia meno kuoza, kazi iliyoanza Grand Rapids, Michigan, mwaka 1945. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, kwa kuwa floraidi nyingi huharibu hata mifupa. Katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, kwa mfano mkoani Arusha, visima na chemchemi nyingi huzidi kiwango hicho. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi.