Maisha ya Marehemu Nuhu Mbogo, Kiongozi wa Waislamu wa Uganda

Miongoni mwa majina ambayo Waislamu wa Uganda wameyapokea kwa heshima kutoka kwa wazee wao, jina la Nuhu Mbogo limo katika yale ya mbele. Alizaliwa katika nyumba ya ufalme. Akavikwa ufalme wakati ufalme wenyewe ulipokuwa umekwisha kuanguka. Akashindwa vitani, akatolewa katika nchi yake, akavushwa bahari. Kisha akarudi, akaanza upya na watu wake, akawaongoza mpaka kufa kwake katika mwaka 1921. Wapo watu wengi waliosifiwa kwa kupata. Huyu anastahili kusifiwa kwa namna alivyokaa baada ya kupoteza.

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili, na ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza. Ilikuwa katika zama za baba yake kwamba Uislamu ulifika Buganda. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Suna, na alipoona watu wakiuawa kwa amri ya mfalme, alithubutu kumweleza kwamba watu wale waliumbwa na Mungu, na kwamba Mungu huyo ndiye aliyempa yeye ufalme. Neno hilo halikusahauliwa. Suna alifariki mwaka 1856, akarithiwa na Mutesa, naye Mutesa kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kumi hivi, akaamrisha watu wake wajifunze sala. Walakini yeye mwenyewe hakutahiriwa. Vijana wa jumba lake walipokataa kusali nyuma yake na kula nyama ya mnyama aliyechinjwa na asiyetahiriwa, aliwageukia kwa hasira, na mwaka 1876 Waislamu wapatao 70 waliuawa Namugongo kwa ajili ya dini yao.

Katika nyakati hizo kuwa mwana wa mfalme hakukuwa salama. Mila ya Buganda ilikuwa kali kwa ndugu za Kabaka, kwa kuwa kila mmoja wao angeweza kufanywa mfalme na maadui wa aliye kitini. Mutesa aliposhika ufalme, ndugu zake wengi walipoteza maisha. Miaka mingi baadaye, mwaka 1889, Kabaka Kalema naye aliwaua wengi wa jamaa ya kifalme. Mara zote mbili Mbogo alisalimika. Mwenyezi Mungu alimweka kwa kazi ambayo yeye mwenyewe hakuijua bado.

Mutesa alifariki mwaka 1884, mwanawe Mwanga akatawala. Mwezi Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa Mwanga, na mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo, wakashika serikali peke yao. Kiwewa waliyemweka alikataa kutahiriwa, akaondolewa, na mahali pake akawekwa Kalema, aliyeitwa Rashid. Kwa mwaka mmoja hivi Buganda ilikuwa chini ya mfalme Mwislamu. Kisha mambo yakageuka. Oktoba 1889 Mwanga na Wakristo walirudi na silaha. Waislamu wakatoka mjini, wakarejea kitambo kidogo, na mwanzoni mwa mwaka 1890 wakatolewa tena, safari hii wasirudi. Walirudi nyuma mpaka mipaka ya Singo na Unyoro, wakiishi kwa msaada wa Mukama Kabarega. Huko Kalema akafariki kwa ndui.

Ndipo Waislamu walipomwendea Mbogo. Hapana budi kuzingatia ni kitu gani alichopewa siku ile. Hakupewa mji, maana mji ulikuwa mikononi mwa wengine. Hakupewa hazina wala mashamba. Alipewa watu waliochoka, wake na watoto wao wakiwa porini, na vita ambayo ilikuwa imekwisha kuwaelemea. Mtu mwenye kujitakia makuu angaliona aibu kupokea ufalme wa namna hiyo, na mwenye kujitakia raha angalikimbia. Mbogo aliupokea.

Mwezi Mei 1891 jeshi la Mwanga, pamoja na Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, liliwakabili Waislamu huko mpakani na kuwashinda. Baada ya hapo njia zilikuwa mbili: kuendelea kupigana mpaka wa mwisho afe, au kutafuta mapatano. Mwaka 1892 Mbogo alichagua mapatano. Wengi wa watu wake hawakupenda kumtoa mfalme wao mikononi mwa watu waliokuwa adui zao jana, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Hata hivyo alikubali kwenda Kampala, akasalimiana na Mwanga, mwana wa ndugu yake, baada ya vita ya miaka. Kwa tendo hilo aliacha dai la ufalme, na badala yake Waislamu wakapewa saza tatu ndogo za kukaa. Watu waliokuwa wakilala porini wakapata tena mahali pa kulima na kusali.

Lakini amani hiyo haikudumu. Waislamu waliona kwamba saza tatu hazitoshi kwa wingi wao, na malalamiko yakaongezeka. Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani waliokuwa wakitumikia ngome za Waingereza, alitangaza kwamba hatakubali Waislamu wapigwe. Juni 1893 Kapteni Macdonald alimkamata Selim Bey na kumpeleka pwani. Mzee huyo alikuwa mgonjwa, akafa njiani huko Naivasha. Waislamu walipigwa, wengi wakatawanyika, na saza zao tatu zikapunguzwa mpaka ikabaki moja, Butambala. Mbogo naye, kwa kuwa wenye serikali waliogopa kwamba muda wote akiwapo Waislamu watakuwa na mfalme wa kumzunguka, alihamishwa na kupelekwa Unguja.

Reli ilikuwa haijajengwa. Safari ilikuwa ya miguu, miezi mizima, kutoka ziwani mpaka baharini, kisha chombo mpaka kisiwani. Unguja wakati huo ilitawaliwa na Sayyid Hamed bin Thuwaini chini ya himaya ya Waingereza. Nchi ile ndiyo ambayo kutoka kwake wafanyabiashara na waalimu walikuwa wameileta dini Buganda. Mtoto wa Suna aliingia huko akiwa si mgeni wa heshima bali ni mtu aliyehamishwa. Katika muda wa miaka mitatu tu alikuwa amepoteza ufalme, vita, ardhi ya watu wake na nchi yake. Hakubaki na kitu ila dini yake na jina lake.

Mwaka 1895 aliruhusiwa kurudi, na hapo ndipo ulipoanza mtihani mkubwa kuliko yote. Aliyeshindwa huombewa subira. Lakini mtu aliyeshindwa kisha akaitwa tena kwenye kile alichokipoteza, huyo subira yake hupimwa kwa mizani nyingine. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, ujira mdogo, na kutengwa na jamaa zao. Walishika ngome ya Luba katika Busoga, wakawaua wakubwa wao Waingereza watatu. Mwaka huo huo Mwanga naye alikuwa ameasi na kukimbia, na mtoto mchanga Daudi Chwa akawekwa kitini. Nchi ilikuwa inatikisika. Waasi walimtaka Mbogo aungane nao awe mtawala wa Buganda.

Waliomwita walikuwa Waislamu wenzake. Waliowapinga ndio waliomhamisha yeye na kumpeleka Selim Bey mpaka mauti yakamfika. Kama angalitaka kisasi, nafasi ilikuwa mlangoni. Mbogo alikataa. Aliona kwamba watu wake walikuwa wamekwisha kufukuzwa mara tatu katika muda mfupi, na kwamba vita nyingine ingewamaliza. Kuna ushujaa wa kuchukua mkuki, na kuna ushujaa wa kuuacha chini wakati mkono unautamani. Huu wa pili huonekana mdogo machoni pa watu, nao ndio uliowahifadhi Waislamu wa Uganda.

Malipo yake ya dunia hayakuwa makubwa. Katika Mapatano ya mwaka 1900, yaliyofanywa na Sir Harry Johnston, Mbogo alitajwa kuwa mkuu wa Waislamu, akapewa maili za mraba 24 za ardhi kwa ajili yake na wafuasi wake, na posho ya pauni 250 kwa mwaka muda wa uhai wake, kwa sharti la kuacha madai yake mengine yote. Katika saza 20 za Buganda, moja tu ndiyo iliyokuwa chini ya mkuu Mwislamu. Walikuwapo walioona kwamba hii ni haki ndogo mno, wala hawakukosea. Mbogo hakuweza kuibadili hesabu hiyo. Aliloliweza ni kuwafundisha watu wake kutokaa wakiitazama na kuilia.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 iliyofuata, Waislamu walikuwa na kiongozi mmoja ambaye neno lake lilisikilizwa. Milango ya serikali ilikuwa imefungwa kwa wengi wao, hivyo wakashika biashara, uchinjaji na ufundi. Na Waganda Waislamu waliotoka kwenda Busoga, Ankole, Toro na kwingineko walikwenda na dini yao. Kwa njia hiyo Uislamu ambao mwaka 1890 ulikuwa umebanwa mpakani ulienea katika nchi nyingi bila jeshi. Umoja ule ulikuwa umesimama juu ya heshima ya mtu mmoja, na hilo lilidhihirika alipofariki mwaka 1921, kwa maana baadaye Waislamu waligawanyika juu ya suala la kusali Adhuhuri pamoja na Sala ya Ijumaa. Hapo watu walitambua uzito wa mzigo aliokuwa akiuchukua peke yake kwa utulivu.

Mwanawe, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa bado kijana mdogo. Yeye naye alikuja kuongoza, akatoa ardhi katika kilima cha Kibuli kwa ajili ya dini na elimu. Jiwe la msingi la msikiti wa Kibuli liliwekwa na Prince Aly Khan mwaka 1941, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Skuli zilisimama kando yake, ili watoto wa Kiislamu wasome bila kuiacha dini yao. Jamaa iliyopoteza kiti cha ufalme iliacha mahali pa kusujudu na mahali pa kusoma.

Kila Mwislamu hupatwa na siku yake ya kushindwa: biashara huanguka, shamba hupotea, cheo huondoka, jamaa hutawanyika. Katika siku hiyo mtu hutamani kurudishiwa kile kile alichokuwa nacho, na mara nyingi hakirudi. Maisha ya Nuhu Mbogo yanaonyesha kwamba kuanza upya si lazima kuwe kurudi pale pale. Yeye hakurudishiwa ufalme. Alirudishiwa watu, akawaongoza kwa kile kilichobaki, na kilichobaki kikatosha.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe yeye na wote waliotangulia katika imani, na awape walio hai subira na moyo wa kuanza tena. Amin.